Mbuzi wawili wa Kange: nilivyohangaika na miwani ya baiskeli

Siku niliyoangukia mtaroni pale Kange, Tanga, nilikuwa nampisha mbuzi ambaye hakuwepo. Nilimwona wazi kabisa: mbuzi mweupe katikati ya njia, na mwingine mweupe juu yake, kama amempanda mgongoni. Kabla sijaamua nimkwepe yupi, nikabana breki ya mbele peke yake, tairi likateleza kwenye mchanga, nikaenda mimi, baiskeli, madaftari ya darasa la sita na chupa ya chai mpaka chini. Vijana wa bodaboda wakaja kunitoa. "Pole mwalimu, pole sana." Nikawauliza mbuzi wamekimbilia wapi. Mmoja akanitazama kwa huruma, akasema, "Mbuzi alikuwa mmoja, mwalimu."

Tangu nianze kuhangaika mpaka nipate miwani ya kunifaa, ilipita miezi 14 na zikatoka shilingi 1,135,000. Nimezipiga hesabu kwenye daftari na kila nikizitazama naumia, maana theluthi yake ilikwenda kwenye vitu ambavyo sasa viko ndani ya droo. Kama una macho mazito kama yangu na baiskeli ndiyo usafiri wako, soma uone nilipokosea.

Nianze na macho yenyewe. Jicho langu la kulia ni -9.00 na silinda -2.00. La kushoto ni -5.50 na silinda -1.00. Kwa asiyezoea kusoma karatasi ya miwani: alama ya kutoa maana yake huoni mbali, na kadiri namba inavyokua ndivyo dunia inavyoanza kufifia karibu na pua yako. Jicho la -9.00 bila miwani linaona vizuri mpaka kama sentimita 11 tu, yaani kitabu ulale nacho uso kwa uso. Silinda ni kwamba sehemu angavu ya mbele ya jicho haikuviringana sawasawa, imebonyea upande mmoja kuliko mwingine, ndiyo maana taa ya gari usiku naiona ina mikia. Lakini namba iliyonitesa haikuandikwa popote kwenye karatasi. Ni ile tofauti kati ya kulia na kushoto: 3.50. Nitairudia.

Miaka yote nilipanda Fonikisi aliyoniachia mama. Tanga mwanamke juu ya baiskeli si habari. Mama alikuwa akienda nayo sokoni Mgandini na kanga yake, mgongo umenyooka kama anasali. Fonikisi haikubali uiname. Unakaa wima, unatazama mbele, kengele mkononi. Nilihamishiwa shule ya upande wa Pongwe, na kutoka Makorora kwenda huko ni zaidi ya kilomita 10, nusu yake unapishana na malori ya saruji. Nikaona nitafute chuma chepesi chenye gia. Nikapata mtumba mzuri wa shilingi 180,000 (hizi sikuzihesabu kwenye ile jumla, baiskeli sina ugomvi nayo). Usukani wake uko chini, ukishika unainama mbele kama unatafuta kitu ulichodondosha.

Mwezi huohuo nikabadilisha na miwani. Hapo ndipo kosa la kwanza: nilibadilisha vitu viwili kwa pamoja, kwa hiyo mambo yalipoharibika sikujua nimlaumu nani. Miwani ya zamani ilikuwa mikubwa, ya plastiki nyeusi, wanafunzi waliipa jina ambalo sitaliandika. Dukani nikachagua fremu ndogo nyembamba, ya kisasa. Kijana wa duka akanipa kioo, akasema, "Imekutoa, dada." Na kweli ilinitoa. Shilingi 190,000.

Wiki ya pili kichwa kikaanza. Kilikuwa kinaanzia nyuma ya jicho la kulia nikifika Majani Mapana, nikifika shuleni kimeshika shingo yote. Nikapima malaria, hakuna. Nikapima presha, nzuri. Jirani yangu, Mungu ampe heri, akasema hili ni jicho la husuda, watu wameiona baiskeli mpya. Nikacheka, lakini usiku nikalala nalifikiria. Kumbe jicho lilikuwa kweli, ila langu mwenyewe.

Baada ya kuanguka nikafanya kosa la pili, nalo ndilo la gharama kubwa zaidi. Nilijiambia: mimi naendesha baiskeli, waendesha baiskeli wana miwani yao, ile inayozunguka uso mpaka kwenye masikio, basi niitafute hiyo. Mdogo wangu aliyeko Dar akaniagizia fremu ya namna hiyo, tukapeleka namba zangu duka moja, wakaweka lenzi. Shilingi 260,000. Hakuna aliyenipima chochote zaidi ya kunakili karatasi.

Nilivaa uani kwangu. Nikaona sakafu inapanda kama mkeka ulioinuliwa pembeni. Mlango wa choo umepinda. Nikatembea hatua tano, nikakaa chini kwenye kinu. Pembeni lenzi zilikuwa nene kiasi cha kunigusa shavu nikicheka, na sikuwa nacheka sana siku hizo.

Sababu nilikuja kuelezwa baadaye, na ni ya kawaida tu. Lenzi ya kutoona mbali ni nyembamba katikati, nene ukingoni. Kadiri fremu ilivyo pana, ndivyo unavyokula ule unene wa pembeni. Fremu inayozunguka uso pia inailaza lenzi upande mbele ya jicho, na lenzi ikilala, namba zake hazifanyi kazi kama zilivyoandikwa. Inabidi zikokotolewe upya kwa kipimo cha huo mzingo. Mtu wa -2.00 kasoro hiyo hata haioni. Kwa -9.00 ni kichefuchefu. Kwa hiyo ukiambiwa "namba yoyote tunaweka kwenye fremu yoyote," simama kidogo uulize kama watazikokotoa upya kwa ajili ya huo mzingo. Wakikuangalia tu, chukua karatasi yako uondoke.

Likizo ilipofika nikapanda basi kwenda Dar kumwona daktari wa macho, nikafikia kwa dada yangu Temeke. Nililichelewesha jambo hili kwa sababu nilidhani daktari wa macho ni wa watu wanaoumwa macho, na mimi nataka miwani tu. Ilikuwa ujinga, na wa hatari. Daktari aliposikia nimeanguka na namba zangu ni hizo, akaacha kila kitu akanitilia dawa ya kutanua mboni. Akaniambia kuanzia -6.00 kwenda juu jicho huwa limerefuka kuliko kawaida, na pazia la ndani la nyuma ya jicho linakuwa limevutwa, linaweza kuchanika au kubanduka. Akanihimiza nishike dalili hizi: mwanga unaopiga kama radi ukiwa hakuna radi, vidoa vyeusi vinavyoelea vimeongezeka ghafla, au kivuli kama pazia linashuka upande mmoja. Ukiona hivyo ni siku hiyohiyo hospitali, usingoje Jumatatu. Langu lilikuwa salama. Angalizo dogo: ile dawa inakuacha huoni karibu na jua linakuchoma kwa saa kadhaa. Usiende umejipangia kurudi kwa baiskeli, na usiende peke yako. Mimi nilirudi Temeke nimefunika uso kwa mtandio, dada ananishika mkono kama bibi harusi.

Siku iliyofuata nikapelekwa kwa mpimaji, binti mdogo ambaye ningeweza kumfundisha. Akanisalimia "shikamoo mwalimu," akapima, akakuta namba hazijabadilika. Akaishika ile miwani yangu ya kisasa, akaizungusha mbele ya mashine yake, akasema nayo iko sahihi kabisa. Nikakaribia kulia. Kama miwani ni sahihi na macho ni mazima, kichwa kinauma kwa nini na mbuzi wawili wanatoka wapi?

Akaniuliza, "Mwalimu, hivi vitu vinakuwa viwili wakati wote?"

Nikafikiri. Darasani hapana. Jikoni hapana. Kwenye baiskeli tu.

"Unaendeshaje? Hebu nioneshe."

Nikageuza kiti, nikashika mgongo wake kama usukani, nikainama. Binti akapiga magoti mbele yangu, akanitazama machoni kwa muda. Kisha akachukua kalamu ya wino akaweka nukta kwenye lenzi ya kulia, nyingine ya kushoto, akanivua miwani akanionesha. Nukta zilikuwa juu kabisa, chini kidogo tu ya fremu. "Ukikaa kitini unatazama kupitia hapa katikati," akasema. "Ukiinama kwenye baiskeli, kichwa kinashuka lakini macho yanabaki njiani. Unatazama kupitia juu."

Halafu akanipa hesabu ambayo miaka yote ya kufundisha hesabu sikuwahi kuisikia. Kila lenzi ina kitovu. Ukitazama kupitia kitovu, kitu kinabaki mahali pake. Ukitoka nje ya kitovu, lenzi inaisogeza picha. Inasogea kiasi gani? Zidisha namba ya lenzi kwa sentimita ulizotoka kitovuni. Jibu ni sentimita ambazo picha inahama kwa kila mita 1 ya umbali. Mimi nilikuwa natoka kama sentimita 1. Jicho la kulia: 9 mara 1, picha inahama sentimita 9 kwa mita. Mbuzi akiwa mita 10 mbele, anashuka sentimita 90. Jicho la kushoto: 5.5 mara 1, mbuzi yuleyule anashuka sentimita 55. Macho yote yangeshuka sawa, nisingejua lolote. Lakini yangu yanaachana kwa sentimita 35. Ubongo unajitahidi kuwaunganisha, ndiyo maumivu ya kichwa. Ukichoka unawaachia, ndiyo mbuzi mmoja kumpanda mwenzake. (Silinda nayo ina mchango wake kwenye hesabu hii, lakini sura ya jambo ni hiyo.)

Nilikaa pale nikaziandika zile namba nyuma ya karatasi ya dawa. Sijui kwa nini zilinifariji. Nadhani ni kwa sababu miezi yote hiyo nilikuwa nimeanza kuamini kwamba nazeeka vibaya.

Swali ambalo sikuulizwa dukani, na mimi sikuwa na akili ya kulileta mwenyewe, lilikuwa moja: hii miwani utaivaa ukiwa unafanya nini, na umekaaje? Macho yanapimwa umekaa kitini, kidevu kwenye mashine, mgongo wima. Hakuna anayeishi hivyo.

Binti akanipa njia tatu. Ya kwanza lenzi za kubandika juu ya jicho lenyewe. Hizi zinatembea pamoja na mboni, popote unapotazama uko kitovuni, kwa hiyo tatizo langu linakufa lote. Kwa macho yanayotofautiana sana ndiyo dawa bora kwenye karatasi. Nikazijaribu. Zangu ziliagizwa kwa sababu ya silinda, na namba zake si zile za miwani: -9.00 ya miwani inakuwa -8.00 na kitu ikigusa jicho, kwa kuwa lenzi imesogea karibu. Usinunue kwa kunakili karatasi ya miwani. Ikabidi nirudi Dar mara ya pili kuzijaribishwa. Shilingi 120,000 pamoja na maji yake ya kusafishia.

Siku ya kwanza nilipozivaa niliendesha mpaka Tongoni, njia ya Pangani, nikauona mnazi mmoja mmoja, nikaona kibao cha shule kabla sijakifikia. Nililia kidogo, nakiri. Wiki tatu baadaye nilikuwa nazichukia. Upepo wa kusi unazikausha mpaka jicho linakwaruza. Lori la saruji likipita na vumbi lake, unashuka kando ya barabara, unataka kuvua, mikono ina grisi ya cheni. Na hazitaki maji ya bomba hata tone. Mtaalamu alinikazia kwamba ndani ya maji ya kawaida kuna vijidudu vinavyoweza kuila ile sehemu angavu ya mbele ya jicho mpaka ukapofuka. Sasa kwa mtu ambaye bomba la uani linatoka siku na siku, na anatawadha mara tano? Zinafaa kwa wengine. Bado ninazo jozi chache kwa ajili ya harusi.

Njia ya pili ilikuwa miwani ya kukinga upepo yenye lenzi ndogo za namba zilizopachikwa kwa ndani. Nikamwomba niijaribu pale dukani kwao kabla ya kununua, nikaivaa na kutembea juani mtaa mmoja na kurudi. Ndani pakawa mvuke kama sufuria imefunikwa. Nikairudisha. Jifunze kuomba kujaribu, haigharimu kitu.

Ya tatu ndiyo niliyoishia nayo: miwani ya kawaida, lakini iliyotengenezwa kwa ajili ya baiskeli yangu na namna ninavyoinama. Binti akaandika maelezo kwa Kiswahili kizuri kabisa nimpelekee fundi wa miwani nyumbani Tanga. Na kabla sijatoka akaniambia, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Na mwalimu, huo usukani hauwezi kupanda?"

Nilirudi, nikaenda kwa fundi baiskeli wa Ngamiani, mmoja wa wale wa barabara za namba ambaye amekuwa akinizibia pancha tangu niko sekondari. Nikamwambia nataka usukani upande. Akaugonga, akaulegeza, akauinua mpaka kwenye ile alama ya mwisho iliyochorwa kwenye chuma (usiivuke, unaweza kuvunjika mkononi), akakaza. Dakika 10. Shilingi 5,000, na akataka kunipunguzia. Nikapanda, nikazunguka mtaa, na kichwa kikabaki kimya mpaka jioni. Nusu ya ugonjwa wangu ilikuwa inatibiwa kwa spana. Nilikaa kwenye benchi lake nikahesabu shilingi nilizotumia kabla ya zile 5,000, nikajisikia kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja.

Sasa miwani yenyewe. Fundi wa miwani niliyemwendea alikuwa mtu mzima, mwenye subira. Alisoma yale maelezo, akanitazama, akasema, "Baiskeli iko wapi?" Nikasema iko nje. "Basi twende nje."

Hebu fikiria: saa nne asubuhi, barabara ina watu. Mzee amesimama mbele ya baiskeli ameikumbatia gurudumu kwa magoti yake isianguke, mimi nimepanda, mtandio umefungwa vizuri, nimeinama nimeshika usukani, nimevaa fremu yenye lenzi za plastiki tupu za maonyesho. Ananiambia, "Tazama ile nguzo ya umeme, usinitazame mimi," na kalamu iko mkononi mwake. Akaweka nukta kulia, akasogea, akaweka nukta kushoto. Akaniambia nishuke, nipande tena kama ninavyopanda siku zote, akaangalia kama nukta bado ziko mbele ya mboni. Ilikuwa imehama kidogo, akafuta kwa kidole akaweka upya. Mama muuza vitumbua akauliza kwa sauti mwalimu anafanywa nini. "Anapimwa macho!" akajibu kijana mmoja. "Juu ya baiskeli?" "Ndiyo! Juu ya baiskeli!"

Kipimo kikatoka: vitovu vipandishwe milimita 4 kuliko kawaida. Pamoja na usukani uliopanda, ile sentimita 1 ikabaki kama milimita 2. Ukiirudisha kwenye hesabu, mbuzi wa mita 10 wanaachana sentimita 7 badala ya 35, na hizo ubongo wangu unaziziba bila kulalamika.

Fremu tuliichagua kwa namba, si kwa kioo. Tazama ndani ya mkono wa fremu yoyote, utaona tarakimu kama 48-17-140. Ya kwanza ni upana wa lenzi moja kwa milimita, ya pili ni daraja la puani, ya tatu urefu wa mkono. Jumlisha mbili za kwanza, linganisha na umbali kati ya mboni zako. Mboni zangu ziko milimita 62. 48 na 17 ni 65. Karibu vya kutosha. Jumla ikizidi mboni kwa mbali, lenzi inabidi isogezwe na ule unene wa pembeni unaongezeka. Kwa hiyo watu wa namba kubwa fremu yetu iwe nyembamba kwa upana, lakini kwa baiskeli iwe ndefu kwenda juu, ukingo wake wa juu usikukate njia. Yangu ina urefu wa milimita 40 na kitu, ya chuma, na ina vile vipande viwili laini vya puani vinavyopindika, ndiyo maana mzee aliweza kuipandisha na kuishusha mpaka ikakaa.

Lenzi nilichukua za plastiki za 1.67. Namba hiyo ni ya wembamba: ya kawaida ni 1.5, kisha 1.6, 1.67, mpaka 1.74, na bei inapanda nazo. Polikaboneti, ya 1.59, ndiyo ngumu kuvunjika kuliko hizo na kwa mtu wa namba ndogo anayepanda baiskeli ningesema achukue hiyo bila kufikiri. Kwa -9.00 ingekuwa nene, nikaridhika na 1.67. Kioo cha kweli usikubali hata kikiwa cha bure. Ukianguka kinaingia jichoni.

Za kubadilika rangi juani niliziacha. Mzee mwenyewe alinikatisha tamaa: lenzi hizo kukiwa na joto hazikolei rangi vizuri, na kwetu jua na joto vinakuja pamoja. Isitoshe zinachelewa kurudi, unatoka juani unaingia chini ya miembe, mashimo yote yamejificha kivulini. Navaa kofia yenye ukingo mrefu mbele, juu ya mtandio, na ukingo huohuo unanizuilia jua lisinipige kwa juu. Bei ya yote: 420,000. Nilitoa nusu, nusu nikaimaliza kwa miezi mitatu.

Ilipokuja, niliikagua mwenyewe. Shika miwani wima mbele yako kwa urefu wa mkono, tazama kupitia lenzi nondo ya dirisha iliyolala. Ipandishe na kuishusha taratibu. Nondo ndani ya lenzi itakatika na ile ya nje. Mahali pale inapoungana ikawa mstari mmoja, hapo ndipo kitovu kimepita. Weka alama, fanya na lenzi ya pili. Na ni bahati nilikagua, kwa sababu karakana walikuwa wameweka vitovu katikati kama siku zote, maelezo hawakuyasoma. Mzee hakubisha. Aliangalia nondo yake mwenyewe, akaguna, akairudisha. Wiki tatu nyingine.

Miwani hii ni ya baiskeli tu. Kushukia ngazi inanitia wasiwasi, maana nikitazama chini niko mbali na kitovu kuliko zamani. Nikifika shuleni naivua navaa ile ya kisasa, ambayo darasani haina kosa lolote. Kusoma navua zote. Nimefika 40 na kitu, na hapo ndipo sisi wa kutoona mbali tunapowacheka wenzetu wanaoanza kutafuta miwani ya kusomea.

Mengine ni ya matumizi. Mikono ya miwani ipitishe juu ya mtandio, si chini; ikipita chini, mtandio ukivutwa na upepo unabeba na miwani. Jasho la Tanga lina chumvi, likikauka kwenye lenzi usifute na kanga, unakwangua. Mwagia maji kwanza, tone la sabuni ya maji, suuza, kausha kwa kitambaa laini. Ukibakiza sabuni nyembamba isiyoonekana, asubuhi za masika haitashika mvuke. Usiku siendeshi. Miwani yoyote ile, taa kamili za lori na silinda yangu havielewani. Nikichelewa kikao, baiskeli inapanda juu ya daladala, nalipa na nauli yake, sijali.

Mbuzi wa Kange bado wapo. Juzi niliwaona watatu, wamejipanga katikati ya njia. Nikashuka kwenye baiskeli, nikawahesabu kwa kidole, nikamwuliza na kijana wa bodaboda. Walikuwa watatu.